Hilux, D-Max, Ranger au L200: pikapu ya kuvuta tela, kupita matope na kutembelea mjini Lubumbashi

Mtu akiuliza hapa Lubumbashi anunue pikapu gani, hujibiwa Hilux kabla hajamaliza swali. Jibu si baya, ila halitoshi. Hilux ziko za namna nyingi, na kazi za pikapu nazo ni nyingi. Mwenye shamba njia ya Kasenga anayevuta tela ya mahindi, mama mwenye depo anayepandisha bidhaa kutoka Kasumbalesa, na baba anayepeleka watoto shule kila asubuhi kisha siku za mapumziko anataka kufika Kundelungu kuona maporomoko ya Lofoi: hawa watatu hawatafuti gari moja.

Nimechagua nne za kulinganisha, zote za ukubwa wa kati, zote za kabini mbili na zote 4x4: Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger na Mitsubishi L200. Msimamo wangu ni kwamba mnunuzi aanze na uzito wa tela yake na barabara yake. Jina la gari litajitokeza lenyewe.

Wako watakaouliza mbona Land Cruiser 79 haipo, na ndiyo inayojaa kwenye migodi kutoka hapa mpaka Kolwezi. Ile ni gari ya kazi nzito, daraja jingine na bei nyingine. Kampuni inainunua kwa ajili ya mgodi. Wewe unayetaka gari moja ya kila kitu utachoka nayo mjini mapema sana.

Kilo 3,500 zinasema nini hasa

Hilux ya injini ya lita 2.8 ya kuanzia 2020, D-Max ya kizazi kilichotoka 2019 na Ranger zimeandikiwa kuvuta hadi kilo 3,500. L200 nyingi za 2015 hadi 2023 zimeandikiwa kilo 3,100. Mpya iliyofuata nayo imefikishwa 3,500. Ukisoma hapo tu utadhani zimelingana na uchague kwa rangi. Lakini kilo hizo ni za tela yenye breki zake yenyewe. Kwa tela isiyo na breki, watengenezaji wote wanne wanakomea kilo 750. Na tela nyingi zinazochomelewa hapa mjini hazina breki yoyote: ni chesisi, ekseli, magurudumu na mbao.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu barabara ya Likasi ina miteremko, na malori ya shaba hayakupi nafasi ya kukosea. Tela ya tani mbili isiyo na breki inaisukuma pikapu yoyote, iwe na injini ya namna gani. Kabla hujaongeza pesa ili upate injini kubwa, mwambie mchomeleaji akuwekee ekseli yenye breki za kusukumwa, zile zinazobana zenyewe tela inapoisogelea gari. Pesa hiyo itakulinda kuliko tofauti yote iliyopo kati ya magari haya manne.

Kisha iko hesabu ya pili, ambayo karibu hakuna anayeifanya. Chukua mfano: magunia 40 ya mahindi, kila moja kilo 50, ni tani mbili. Tela tupu ya ekseli mbili tuseme kilo 600. Jumla ni 2,600. Sehemu ya uzito huo inalala juu ya kiungo cha gari, kwenye pua ya tela, na inapaswa kuwa karibu asilimia 10, yaani kilo 260. Pikapu ya kabini mbili inabeba karibu kilo 900, watu na mizigo pamoja. Toa 260 za pua, toa watu wanne kwa kilo 300, unabaki na 340. Humo weka chuma cha mbele, tairi la akiba la pili, bidoni za mazutu (dizeli) na mifuko ya safari. Imekwisha. Anayejaza tena bodi ya nyuma magunia kumi zaidi ameshavuka kipimo cha gari kabla hajawasha injini.

Pua ikiwa nyepesi mno, tela inaanza kuyumba kushoto na kulia ukifika kilomita 80 kwa saa. Ikiwa nzito mno, nyuma ya gari inazama, magurudumu ya mbele yanakosa kukanyaga vizuri, usukani unakuwa mwepesi mkononi na taa zinamulika juu ya miti. Dawa ni kusogeza magunia mbele au nyuma ndani ya tela, na kupima pua kwenye mizani ya depo ya mahindi. Ni kazi ya nusu saa.

Kwa uzito wa gari na tela vikiwa pamoja, Ranger mpya inaruhusiwa kupita tani 6. Hilux na D-Max zinazunguka hapo hapo au chini kidogo. Ndiyo maana mwenye tela ya tani tatu na abiria watano ana sababu ya kweli ya kuiangalia Ranger, hata kama jirani zake wote wana Toyota.

Injini

Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo, ile pampu inayoisukumia injini hewa, inapoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita mia, kwa hiyo hapa imeshapungukiwa asilimia kumi na zaidi kabla ya kuanza kazi. Ukumbuke hilo mbele ya Hilux ya esansi (petroli) ya 2.7 inayoletwa sana kutoka Dubai. Nguvu yake ya kuvuta ni Nm 245 tu, haina turbo, na ikifungiwa tela yenye mzigo inakunywa esansi bila kukupeleka haraka. Ni gari nzuri ya mjini na ya safari nyepesi, usukani uko kushoto, matengenezo yake ni rahisi. Kwa tela, hapana.

Hilux ya mazutu ya 2.8 ilipoboreshwa 2020 ilifika nguvu ya kW 150, na Nm 500 kwa gia otomatiki. Ya gia za mkono ina 420. Tofauti hiyo wauzaji hawaitaji. Ya 2.4 inafika Nm 400, na kwa anayevuta tani moja na nusu mara mojamoja inatosha kabisa, tena inakula kidogo.

D-Max ya 3.0 ya kizazi kipya ina kW 140 na Nm 450, za mkono na otomatiki sawasawa. Ya kabla yake, ya 2012 na kuendelea, ilianza na Nm 380. Kwenye karatasi Isuzu inashindwa. Barabarani, ikiwa imebeba, mambo yanageuka: injini ni kubwa, haikazwi sana ili itoe nguvu yake, inavuta kuanzia chini bila kulia, na taimingi yake haitegemei mkanda wa mpira. Mimi ningekuwa navuta zaidi ya tani mbili kila wiki kati ya Kasumbalesa na hapa, ningechukua D-Max ya gia za mkono, wala nisingefikiri mara mbili.

Ranger ina historia inayopaswa kusomwa kabla ya kununua iliyotumika. Ya 2011 na kuendelea ilikuwa na injini ya 3.2 ya silinda tano, kW 147 na Nm 470, injini yenye moyo. Ila mafundi wengi hawajui jambo moja juu yake: oili ikimwagwa isikae wazi zaidi ya dakika kumi kabla ya kujazwa nyingine. Ikikauka muda mrefu, pampu ya oili inaweza kushindwa kuvuta tena, injini ikawashwa bila presha na ikaharibika hapo hapo. Kwenye garaji ambako fundi huacha oili idondoke taratibu huku akienda kula bukari, hiyo ni hatari ya kweli. Simama naye. Baadaye ikaja ya 2.0, ambayo katika miaka yake ya kwanza ilikuwa na mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili, kwa hiyo oili mbaya au iliyocheleweshwa inaula mkanda wenyewe. Iliyotoka 2022 ipo pia na V6 ya mazutu, 3.0, kW 184 na Nm 600. Hakuna kati ya nne hizi inayoifikia ile V6 kwa kuvuta.

L200 ya 2.4, ya 2015 hadi 2023, inatoa hadi kW 133 na Nm 430. Nyepesi, changamfu, haina makuu.

Mazda BT-50 ni jamaa ya magari haya: ya 2011 hadi 2020 ndani yake ni Ranger, na ya baadaye ndani yake ni D-Max. Ukiikuta kwa bei nafuu, tafuta vipuri kwa jina la ndugu yake.

Matope, visiki na mito

Gudro (lami) ikiisha, zote nne zina gia ndogo ya 4L, na matoleo mengi ya 4x4 yana kufuli ya difu ya nyuma. Hiyo kufuli ndiyo inayokutoa kwenye matope ya Februari, pale gurudumu moja linapozunguka hewani na lingine limelala. D-Max ya zamani haikuwa nayo. Ya kizazi kipya inayo. Kwa kuvuka maji, Ranger na D-Max mpya zimeandikiwa sentimita 80, Hilux 70, L200 chini ya hapo. Tarakimu hizo ni za maji yaliyotulia. Mto wa kijijini wenye mkondo haujui kitabu cha gari, kwa hiyo mtu atangulie kwa miguu na fimbo.

Katanga ina hatari yake ambayo vitabu vya magari havitaji. Misitu yetu ya miombo inakatwa kwa ajili ya makala, yaani mkaa wa kupikia, na visiki vinabaki vimefichwa na majani marefu. Kisiki hakitoboi chini ya tairi. Kinachana ubavu, na ubavu hauzibwi. Tairi za kutoka kiwandani, hasa za Ranger na Hilux za kifahari zenye rimu kubwa, zina ubavu mfupi wa kulainisha safari ya lami. Ukishanunua gari yoyote kati ya hizi, rudi kwenye rimu ya inchi 16 au 17 na tairi za ubavu mrefu na mgumu. Hapo Hilux na D-Max za kazi zinashinda bila kutumia senti, kwa sababu mara nyingi zinakuja hivyo tayari.

Kwa njia ya mbali, ile ya Kilwa na Pweto ambako unaweza kulala njiani, Hilux ndiyo chaguo langu, na sababu si nguvu. Ni vipuri. Fundi wa kijijini ameshaifungua, bushi zake zinapatikana sokoni, na likivunjika jambo mbele yako kuna mtu aliyewahi kuliona. Ranger ni raha zaidi kuiendesha kwenye njia hiyo, nakubali, na viti vyake haviumizi mgongo. Lakini taa ya hitilafu ikiwaka mbali na Lubumbashi, Ranger inataka kompyuta, na kompyuta iko nyuma yako.

Kila siku mjini

Pikapu tupu hurukaruka. Springi za mabamba ya chuma za nyuma zimetengenezwa kwa mzigo, kwa hiyo kwenye mashimo ya mitaa ya Kenya au Katuba hapa mjini watoto wa kiti cha nyuma wataisikia kila jiwe. Hilux ndiyo ngumu zaidi, D-Max inaifuata, L200 ni afadhali. Ranger ndiyo tulivu kuliko zote, tena kimya, na kwa kilomita 300 za kwenda Kolwezi utashuka ukiwa bado mtu.

L200 inapata haki yake hapa. Ya 2015 hadi 2023 inageuka ndani ya duara la mita 11.8, wakati Hilux inataka zaidi ya 12. Sokoni, au kwenye njia panda iliyojaa pikipiki za teksi, tofauti hiyo unaihisi mikononi. Matoleo yake ya juu yana mfumo unaokuruhusu kutumia magurudumu manne hata kwenye lami kavu. Nyingine tatu za kawaida haziruhusu, ukifanya hivyo unakaza gia na difu mpaka zilie. Mvua inaponyesha na udongo mwekundu ukaenea juu ya lami kama sabuni, mfumo huo ni usalama halisi. Uliza tu kama L200 unayooneshwa inao, maana za bei ya chini hazina.

Kwa familia yenye tela ndogo ya tani moja, ya jenereta au ya mtumbwi wa kwenda ziwa Tshangalele, L200 inatosha, na akiba inayobaki iende kwenye tairi.

Usukani upande gani

Kongo tunaendesha kulia. Zambia na Tanzania wanaendesha kushoto, Afrika Kusini pia, na huko ndiko pikapu nyingi zilizotumika zinakotoka, usukani ukiwa kulia. Kwa mjini utazoea. Kwa barabara ya Likasi uwaze upya. Ukiwa nyuma ya lori refu na usukani uko kulia, wewe dereva huoni kinachokuja. Anayeona ni abiria wa kushoto. Ukiwa na tela, kulipita lori kunachukua muda mrefu maradufu, na uamuzi unategemea macho ya mtu asiyeshika usukani. Mimi ningekubali gari yenye miaka mitatu zaidi, yenye usukani wa kushoto, kuliko mpya ya kulia, iwapo kazi yake ni kuvuta kwenye barabara kuu.

Na kuna jambo la kumuuliza muuzaji wa Hilux. Japani yenyewe iliacha kuuza Hilux kwa wananchi wake 2004 na ikairudisha 2017. Ukiambiwa Hilux ya 2010 «imetoka Japani moja kwa moja», omba karatasi. Huenda imetengenezwa Thailand au Durban, na hilo si kosa, Hilux za Durban ni nzuri. Kosa ni kudanganywa historia ya gari, maana anayebadilisha nchi ilikotoka anaweza kubadilisha pia kilomita.

Mazutu

Ukitaka kuelewa kwa nini injini mpya zinakufa mapema, mtazame fundi akifungua filta. Analegeza kizibo cha chini, anakinga chupa ya maji ya dukani iliyokatwa shingo, mazutu inatiririka. Anaiweka chini kivulini. Baada ya muda mfupi chupa inajigawa: juu rangi ya manjano, chini kabisa tabaka jembamba la maji yenye ukungu na punje nyekundu za udongo. Hayo maji ndiyo yaliyokuwa yanaelekea kwenye nozeli, ambazo tundu zake ni nyembamba kuliko unywele, na presha yake ni kubwa kiasi kwamba punje moja inakata chuma.

Gari zote nne zinaogopa maji hayo, lakini hazitoi gharama sawa. Ranger ya V6 au ya turbo mbili ikiharibika nozeli, bili inaumiza. D-Max na Hilux nazo si bure, ila vipuri vipo na mafundi wapo. Kwa yeyote anayelazimika kujaza kwa kadafi, muuza mafuta wa njiani, mara kwa mara, Ranger mpya naiondoa kwenye orodha. Anayejaza kituo kimoja anachokiaminia, akamwaga maji ya filta kila wiki wakati wa mvua na kuibadilisha kabla ya muda wa kitabu, anaweza kumiliki yoyote.

Angalia pia kama gari lina chujio la masizi kwenye bomba la moshi, kama yaliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya na Australia. Chujio hilo linataka safari ndefu yenye moto ili lijisafishe, na mazutu yenye salfa nyingi inalijaza. Hilux za 2.8 za miaka ya kwanza ya toleo la 2015 zilisumbua sana wenye nazo Australia kwa jambo hilo. Zilizotengenezwa kwa soko la Afrika mara nyingi hazina, na kwa hapa ni afadhali.

Kabla ya kutoa pesa

Pikapu iliyovuta tela maisha yake yote ina alama zake. Ingia chini yake uangalie pale kiungo cha tela kilipofungwa kwenye chesisi: ufa mdogo wa rangi, kutu mpya kwenye mstari mmoja, au uchomeleaji uliopakwa rangi nyeusi juu, vyote vinasema jambo. Mabamba ya springi yahesabu kila upande, mara nyingi upande mmoja una bamba la kuongezwa. Kwa gia za mkono, weka gia ya tatu gari likiwa limesimama na breki ya mkono imekazwa, achia klachi taratibu: injini isipozima haraka, klachi imekwisha. Kwa otomatiki, chomoa kijiti cha oili ya gia kama kipo, unuse. Oili iliyoungua hainukii vingine.

Mwisho nenda na muuzaji mpaka pale lami inapoisha, njia ya Kipushi au popote penye udongo. Aiingize 4L mwenyewe, afunge kufuli ya difu, aendeshe polepole mbele na nyuma huku wewe umesimama nje ukitazama magurudumu yote manne. Gari nyingi zenye maandishi 4x4 ubavuni hazijaingizwa 4L kwa miaka, na mota inayoingiza gia hiyo imeshaganda kwa matope. Akisema hakuna haja, rudi mjini na pesa yako.